Kutengeneza meno India na kula likizo na mwenza wako humo humo: jinsi ya kupanga ukiwa Dodoma

Mbukwenyi jamani. Toka turudi, kila anayekutana na mzee wangu, yani mume wangu, pale Majengo sokoni akamwona anacheka meno yote nje, swali ni lile lile, mlifanyia wapi na ilikula shingapi, alafu wakisikia tulipitia na Taj Mahal wanasema aah kumbe mlienda kula bata mkasingizia meno. Ukweli ni vyote viwili. Nimechoka kutuma vois za dakika nane kwa kila shoga yangu basi naandika mara moja, anayetaka achukue.

Kwanza kabisa, kama una jino moja la kuziba au la kung'oa baki hapa hapa Dom, sitanii. Kung'oa, kuziba, kusafisha, hata kusafisha mzizi, vyote vinafanyika hapa, na ukiweka nauli tu ya kwenda Mumbai umeshakula hasara kabla hujafungua mdomo. Nje inaanza kuwa na maana kazi ikiwa kubwa, implanti kadhaa (jino la kupandikizwa kwenye mfupa), krauni nyingi (zile kofia za kuvalisha jino), au kinywa kizima kinajengwa upya. Hesabu yake iko hivi: uliza bei ya nyumbani kwa kila jino, uliza ya kule, chukua tofauti. Mfano tu, tuseme tofauti ni laki nane kwa jino na safari ya watu wawili, yani tiketi viza kulala na kula, inakula milioni tano. Meno sita ni milioni nne na laki nane, bado hujarudisha hela. La saba ndo unaanza kuona faida. Na kama kuna implanti mgonjwa lazima arudi tena mara ya pili, ongeza milioni mbili na nusu akienda peke yake, sasa unahitaji meno kumi. Wengi wakifika hapa wanaghairi na wako sahihi. Ila kama nyie mlikuwa tayari na hela ya likizo mmeidunduliza, hiyo itoeni kwenye hesabu, maana mngeitumia tu hata kama meno yenu ni mazima. Sisi tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, kibubu kilikuwa cha Zanzibar, tukakigeuza. Na meno hesabuni ya wote wawili kwa pamoja: yeye implanti tatu na vinia sita za mbele (yale magamba membamba yanayobandikwa mbele ya jino), mimi krauni mbili (jino langu moja lilivunjika Msalato mnadani jumamosi kwenye mbavu ya mbuzi, sitaki kulizungumzia). Kumi na moja. Hapo ndo hesabu ikakaa.

Kwa nini vinia za mbele? Mzee kazaliwa Singida. Wa kanda ya kati mtanielewa bila maelezo, yale meno ya kahawia ambayo watu wanadhani mtu hapigi mswaki kumbe ni floraidi kwenye maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vyetu vimepita hapo mbali. Ile rangi inaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, utotoni mpaka kama miaka minane, kwa hiyo haisuguliki, na dawa za kung'arisha kwa ile kahawia iliyokolea hazifui dafu, saa zingine zinaacha mabaka yanaonekana zaidi. Nasema hivi ili mtu asiuziwe kung'arishwa akaja kulia. Na kama una watoto na mnakunywa maji ya kisima mahali kama hapo, tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, hilo ni la bure kuliko vinia.

Sasa kazi inaanzia nyumbani. Nenda kwa daktari wa meno hapa, iwe hospitali ya General, Benjamin Mkapa au kliniki binafsi unayoiamini, upigwe picha ya taya nzima ile wanaita OPG na uombe akuandikie nini kifanyike jino kwa jino kwa namba zake. Meno yana namba mbili mbili, kuanzia 11 mpaka 48, mfano 36 ni gego la kwanza la chini kushoto. Sisi na India tunatumia namba hizo hizo kwa hiyo hakuna kuchanganyana (Wamarekani wao wana za kwao, 1 mpaka 32, ukiongea na kliniki inayohudumia Wamarekani hakikisheni mnaongelea jino moja). Hii karatasi ndo ngao yako. Ukiwa nayo, kliniki ya kule ikikuambia unahitaji krauni ishirini wakati wa hapa kaona sita, unajua pa kuuliza. Na kama kuna usaha au mzizi wa kusafisha, malizia huko huko nyumbani kabla ya safari, mimi mzizi wangu ulisafishwa hapa hapa, nikaenda kuvalishwa kofia tu.

Picha ukishapata itume kwa kliniki tatu nne, wanajibu WhatsApp fasta sana. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Tangazo linasema implanti bei poa, kumbe hiyo ni bei ya skrubu tu. Implanti ina vitu vitatu: skrubu ya titani inayoingia kwenye mfupa, kiunganishi cha juu yake, na krauni yenyewe, kwa hiyo uliza bei ya vyote vitatu mpaka natafuna, na kama kuna kuongeza mfupa ni bei gani, na picha ya 3D imo au haimo. Uliza jina la kampuni ya implanti. Straumann ya Uswisi, Nobel Biocare, Osstem ya Korea, hizo zinajulikana na daktari wa nchi nyingine anaweza kupata vifaa vyake, ila ukiwekewa ya kampuni ambayo haijulikani nje ya mtaa wa ile kliniki, skrubu ikilegea baada ya miaka mitano nani ana bisibisi yake? Uliza pia daktari ana MDS, hiyo ndo digrii yao ya ubingwa, BDS ni digrii ya kwanza. Kwa implanti unataka bingwa wa upasuaji wa kinywa, wa fizi, au wa meno bandia. Hospitali au kliniki yenye ithibati ya NABH, bodi yao ya kukagua ubora wa hospitali, ni dalili nzuri.

Kuna watu watakushauri Uturuki kwa yale meno meupe pee kama vigae. Ni sehemu nzuri na Istanbul kwa wapenzi sijui nisemeje, ila popote pale, Uturuki India au Dar, mtu akikuambia anakupa tabasamu jipya kwa siku tano uliza swali moja: unalikwangua jino langu kiasi gani? Vinia inapunguza kiasi kidogo mbele, krauni inalichonga jino pande zote likabaki kisiki. Jino zima likishachongwa hivyo halirudi, utavaa kofia mpaka kufa kwako na utakuwa unazibadilisha. Kliniki moja ilitaka kumchonga mzee meno yote ya juu. Tukaaga vizuri.

Jambo ambalo matangazo hayasemi kwa sauti ni kwamba implanti za kawaida ni safari mbili. Skrubu inawekwa, mfupa unahitaji kama miezi mitatu mpaka sita kuishika, ndo unarudi kuwekewa jino. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, basi hawa wa siku hizi wameweza kuliotesha lakini kwa mwendo wa mahindi, lazima usubiri. Kuna za kuwekwa na jino la muda siku hiyo hiyo ila si kila mdomo unafaa. Panga mapema likizo iwe ya safari gani. Ushauri wangu wapenzi muende pamoja safari ya kwanza kwa sababu ndo yenye maumivu na ndo ndefu, ya pili ni fupi mgonjwa anaenda mwenyewe.

Viza. India wana viza ya mtandaoni, ombeni kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, indianvisaonline.gov.in, kuna tovuti za kuigiza zimejaa zinakula hela. Mgonjwa anaomba ya matibabu, anahitaji barua kutoka hospitali au kliniki ya kule yenye nembo yao, inakaa siku 60 na anaruhusiwa kuingia mara tatu, na mwenza wake anaomba ya msindikizaji. Usiende na ya utalii ukijua unaenda kupasuliwa, likitokea tatizo la kukaa zaidi unajitafutia maneno. Pasi iwe na miezi sita na zaidi na kurasa mbili wazi. Na hapa kuna kitu cha kwetu: sisi wanawake wengi hatubadilishi jina la baba, kwa hiyo pasi zenu zina majina tofauti, beba kopi ya cheti cha ndoa, ilitusaidia kwenye kuelezea mimi ni msindikizaji wa nani na mapokezi hotelini pia. Kadi ya njano ya chanjo iwe ndani ya pasi, na kama hujachanja usisubiri siku ya mwisho, inahesabika siku 10 baada ya sindano. Mtumishi wa umma malizana na mwajiri wako kuhusu ruhusa mapema, mnajijua.

Kutoka Dom siku hizi raha, unachukua treni ya SGR, kama masaa matatu na nusu mpaka manne hivi uko Dar, tulilipa elfu 31 kila mtu daraja la kawaida. Lala Dar usiku mmoja, usijipe presha ya kuunganisha treni na ndege siku hiyo hiyo. Air Tanzania ilianza kwenda Mumbai moja kwa moja 2019, kuna vipindi ilisimama, cheki ratiba ya wakati wako, ikiwepo ni kama masaa sita tu. Zaidi ya hapo kuna Ethiopian kupitia Addis au Emirates kupitia Dubai. India wako mbele yetu masaa mawili na nusu, ile nusu ilinichanganya siku tatu. Msimu nendeni Novemba mpaka Februari, Juni mpaka Septemba Mumbai ni mvua za kufa mtu.

Haya, sasa kalenda, na hapa nisomeni taratibu. Meno ndo yanapanga siku, utalii unajaza mapengo. Sisi tulianza kinyume, tukabuku matembezi kwanza alafu tukawa tunabana daktari katikati, matokeo yake nitayasema. Mpangilio uliofanya kazi baada ya kuuvuruga ni huu: siku ya kufika lala. Kesho yake vipimo, picha, kuongea, hakuna kuchonga kitu. Ya tatu upasuaji wa implanti. Kisha siku tatu nne mnakaa jirani na kliniki hamwendi popote pa maana, maana uvimbe unafika kileleni siku ya pili na ya tatu, na ukipatwa na kile kidonda kikavu pale palipong'olewa basi maumivu yake yanakuja kama siku ya tatu mpaka ya tano, hapo unataka daktari awe umbali wa bajaji. Baada ya hapo wanachonga meno ya mbele na kuweka ya muda, maabara wanataka siku nne tano kutengeneza yenyewe. HIZO ndo siku zenu za fungate. Mnarudi, wanafunga, wanatoa nyuzi, alafu bakini siku mbili tatu zingine mle vyakula vya kweli, maana krauni ikiwa juu kidogo hutaijua kwenye kiti cha daktari, utaijua ukitafuna. Jumla kama siku kumi na nne kumi na tano. Anayewaambia wiki moja inatosha kwa vyote anauza tiketi.

Kosa letu. Siku iliyofuata baada ya upasuaji tulikuwa tumeshalipia kwenda mapango ya Elephanta, ni kisiwa, boti mnapandia pale Gateway of India, kama saa nzima baharini, alafu kuna ngazi kama 120 kupanda juani. Mzee akasema najisikia poa twende. Dawa za maumivu ndo zilikuwa zinajisikia poa, sio yeye. Ngazi ya arobaini damu ikaanza kuchuruzika, shavu limevimba kama ana fungu la ubuyu mdomoni, mimi nimeshika kitambaa, nyani wanatuangalia. Tulishuka bila kuona pango hata moja. Kosa letu wenyewe, karatasi ya maelekezo ilisema saa 24 mpaka 48 za mwanzo usifanye kazi ya kukimbiza damu, tulikuwa tumeikunja tumeweka mfukoni. (Tulienda tena siku za mwisho, ni kuzuri kweli, ila jumatatu wanafunga.)

Kuhusu kula, habari njema ni kwamba India ina chakula cha mgonjwa wa meno kuliko sehemu yoyote. Khichdi ni wali na dengu vimepikwa vikalainika kama uji, mtindi, ndizi, supu ya dengu iliyopoa, aiskrimu yao ya kulfi. Waambie bila pilipili, waambie tena, alafu onja kidogo kwanza. Lassi, kinywaji chao cha mtindi, ni tamu ila kunywa kwa kikombe, MRIJA HAPANA, kule kuvuta kunaling'oa lile donge la damu linaloziba kidonda na hapo ndo kidonda kikavu kinapoanzia. Sigara hivyo hivyo, mbaya zaidi. Mzee siku ya tano alianza kuota mlenda na ugali wa uwele, akasema Wagogo walitengeneza chakula cha waliong'olewa meno karne nyingi nyuma na hakuna aliyewapa tuzo, nikaona ana pointi. Chakula cha barabarani subirini mpaka nyuzi zitoke, na pani puri, vile vidude vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo, mimi niliogopa mpaka mwisho, tumbo la kuhara na mdomo wenye nyuzi ni vita viwili.

Na pombe. Tulibeba chupa ya mvinyo wa kwetu Dodoma tukijua tutafungulia siku ya kumbukumbu ya ndoa, alafu daktari akaandika metronidazo, yani Flagyl. Pombe na hiyo dawa haviendi, utatapika na moyo kwenda mbio, na usubiri siku mbili tatu hata baada ya kumaliza dozi. Kwa hiyo kama kuna siku maalum iweke mwisho wa safari. Mambo mengine ya wapenzi sitaandika hapa ila jueni siku za kwanza atalala na mito miwili kichwa juu, atakoroma, na kubusiana subirini. Chukueni chumba chenye kitanda kikubwa na friji ya barafu.

Siku za fungate tulienda Matheran, kamji ka mlimani si mbali na Mumbai ambako magari ya kawaida hayaruhusiwi, mnaenda kwa miguu au farasi, na kuna katreni kadogo kanapanda kutoka Neral. Romantiki sana. Ila jamani udongo mwekundu na vumbi! Mzee akajipangusa viatu akasema tumesafiri bahari nzima kuja Nkuhungu ya kwetu Dodoma. Baadae tukaruka Delhi tukaenda Agra, kuna treni ya Gatimaan kama saa moja na dakika arobaini kutoka Delhi, haiendi ijumaa na Taj Mahal yenyewe ijumaa imefungwa, kwa hiyo msiwe wajanja. Mgeni kiingilio rupia 1,100 na 200 ya ziada kuingia ndani kwenye makaburi. Nendeni alfajiri. Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz aliyefariki 1631 akijifungua, nilimwangalia wangu nikamwambia wewe hata kabati la jikoni bado. Mumbai penyewe jioni Marine Drive mnakaa ukutani mnaangalia bahari, hiyo bure, na inafaa hata mwenye shavu limevimba.

Kuruka ndege muulize daktari kabla hujakata tiketi ya kurudi, hasa kama wamegusa magego ya juu au wameinua sakafu ya ile nafasi ya hewa juu ya taya, hapo inaweza kuwa wiki mbili na zaidi na huruhusiwi hata kupenga kamasi kwa nguvu. Tiketi ya ndani ya kwenda Agra inahusika pia, sisi ya kwetu ilikuwa magego ya chini tukapona. Ukiwa na sukari, presha, au unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, sema toka kwenye meseji ya kwanza, sukari isiyotulia inafanya implanti isishike. Mama mwenye mimba au anayehisi, hizi kazi za urembo ziahirishwe tu.

Hela msilipe yote mbele, lipeni kadri kazi inavyofanyika na kila malipo risiti. Wenzetu kila kitu ni kuskani kama lipa namba yetu, ila mgeni haunganishwi kirahisi, beba kadi ya benki mbili tofauti na dola safi zisizochanika. Wekeni pembeni kama asilimia kumi na tano ya dharura, sisi mzee alihitaji kuongezewa mfupa sehemu moja haikuwa kwenye hesabu.

Kabla ya kuondoka ombeni faili zima: picha zote kwenye flashi, orodha ya kilichofanyika kwa namba za meno, rangi ya vinia (ina alama yake kama A1 au B1, likivunjika moja la kufanana litatoka hapo), na kadi ya implanti yenye kampuni, ukubwa na namba ya toleo. Ukifika Dom peleka kopi kwa yule daktari wako wa mwanzo, usimwonee aibu, ndo atakayekusafisha kila miezi sita na ndo utakayemkimbilia krauni ya muda ikidondoka saa mbili usiku. Wa kwetu aliangalia picha akasema kazi nzuri, alafu akamwambia mzee mifupa ya mbuzi achana nayo.

Safari ya pili ilikuwa baada ya miezi mitano, alienda mwenyewe siku sita, khichdi na kliniki, khichdi na kliniki. Nilimwambia asiniletee sari nyingine, akaleta mbili.